Zawadi Isiyoitikiwa

Katika kijiji cha Kolani, huko Ndera, kando ya mto, miaka ile ambayo watu walikuwa bado wakihesabu umri wao kwa mafuriko na kwa sotoka iliyomaliza ng'ombe wa Waorma, aliyejua kusoma alikuwa mmoja tu. Huyo alikuwa mwalimu wa chuo, naye alisoma Kurani, hakusoma habari za mashamba. Habari za mashamba, za mitumbwi iliyorithiwa na za mbuzi walioazimwa zilikaa vinywani mwa kundi la Esha.

Lilikuwa kundi la wanawake wa kuimba. Waliimba kijiji kilipofyeka msitu, waliimba maji ya mafuriko yalipotoka na mpunga ukaanza kupandwa, waliimba mtoto alipozaliwa na mtu alipozikwa. Mwenye kazi kubwa shambani alikwenda kumwomba Esha, kwa sababu kundi likija na majembe yake, nusu ya kijiji ilikuja nyuma yao, na kazi ambayo ingemchosha mtu msimu mzima ikaisha watu wakicheka.

Lakini siku yao hasa ilikuwa siku ya harusi. Mwalimu akishafungisha ndoa, Esha alisimama katikati ya uwanja akaimba zawadi, moja baada ya nyingine: nani ametoa, ametoa nini, kitu hicho kiko wapi, kinapakana na nini. Kila zawadi akiimaliza alinyamaza, na wanawake wake pamoja na watu wote waliohudhuria wakaitikia kwa sauti moja: "Tumesikia." Kitu kikishaitikiwa hivyo, maneno yamekwisha. Hapakuwa na mtu aliyepata kukidai tena. Na kitu ambacho hakikuitikiwa, hata mtu angekaa nacho miaka, wazee walimuuliza, "Nani aliyesikia?" naye akakosa la kusema.

Esha alikuwa ngoi wao, yaani mwenye kuanzisha wimbo na kuuongoza. Sauti yake haikuwa nzuri kuliko zote, naye alijua. Iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa sauti ya Tuneya, mjane mmoja mtu mzima, nzito na ya chini, iliyobeba kiitikio kama maji yanavyobeba mtumbwi. Alichokuwa nacho Esha ni kumbukumbu isiyotoboka, na moyo wa kusimama mbele ya watu bila woga. Shangazi yake, ngoi aliyemtangulia, alimchagua kwa hayo mawili.

Mwaka ambao binti yake Mwanaarusi aliposwa, mto ulihama.

Haukuhama mbali. Mafuriko yalikuja makubwa, mto ukaikata kona iliyokuwa chini ya kijiji, ukapita njia fupi, na mkono wake wa zamani ukabaki ziwa lililotulia. Shamba la Tuneya lilikuwa ndani ya kona ile. Maji yalipotoka, watu walilikuta limelala kati ya mto mpya na ziwa, limefunikwa na tope jeusi laini, tope ambalo mkulima akilishika huliachilia kwa shida. Miembe aliyoipanda marehemu mumewe ilikuwa imesimama pale pale, ila tope lilikuwa limeizika hadi kwenye matawi ya chini.

Mkubwa wa kijiji alikuwa Mzee Komora. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa, na mazoea hayo yalikuwa yamemfikisha mahali ambapo alilotaka na lililo haki vilimjia vikiwa vimeshikana mikono. Kijana wake Uledi ndiye aliyemposa Mwanaarusi, na Komora alitaka kumpa kijana wake zawadi itakayozungumzwa mtoni kote. Akakaa na wazee wenzake akawakumbusha desturi: ardhi iliyoletwa na mto ni ya kijiji, na mkubwa wa kijiji ndiye anayeigawa. Desturi hiyo ilikuwa ya kweli. Wazee wakatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba kilicholetwa na mto ni tope tu, na ardhi iliyo chini ya tope ina mwenyewe.

Esha alizipata habari hizo kwa mumewe. Athman alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi, mtu mpole, na siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na furaha isiyofichika.

"Mwanetu hatalala na njaa maisha yake yote," alisema. "Mkwe ametoa shamba la kwenye kona. Lote."

Esha alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. "La Tuneya?"

"Lilikuwa la Tuneya. Mto umelifuta."

"Wewe umekwenda kuliona?"

"Nimeliona."

"Miembe ya marehemu umeiona?"

Athman akakaa juu ya kigoda, akaanza kukwangua utomvu uliokauka mikononi mwake. "Nimeiona," alisema. "Lakini mama Mwanaarusi, si sisi tulioomba. Tumepewa. Mtu akipewa hupokea."

Esha alimaliza kupepeta mchele wake, akaufunika, akatoka.

Alimkuta Tuneya kando ya ziwa jipya, ameketi juu ya gogo, miguu ndani ya maji. Tuneya hakuwa na mtoto wa kiume wa kumtuma barazani kwa wazee, na wakwe zake walikuwa mbali, upande wa Garsen. Alimwona Esha akija, akasema kabla hajasalimiwa:

"Usiniulize kitu, mwanangu. Wewe ni mama wa bi harusi. Nikisema neno, watu watasema namwonea gere mtoto niliyembeba mgongoni."

"Sikuja kuuliza. Nimekuja kukwambia kwamba sitaliimba."

Tuneya akageuza kichwa taratibu. "Harusi ya mwanao?"

"Harusi nitaiimba mpaka koo likauke. Shamba sitaliimba."

"Komora atakasirika."

"Atakasirika," alisema Esha, na akavua viatu vyake vya ngozi, akaketi kwenye gogo, naye akatia miguu majini.

Wanawake wa kundi walikutana walipokuwa wakipanda mpunga katika shamba la mmoja wao. Esha hakuwaita faragha. Aliwaambia pale pale, migongo imeinama, mikono ikiwa na miche. Aliwaambia kwamba zawadi zote za harusi zitaimbwa na kuitikiwa kama kawaida, na kwamba moja tu haitaimbwa, na aliyeona vingine aseme sasa. Hakuna aliyesema. Mmoja wao alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Tulikuwa tunakusubiri wewe. Shamba linakwenda nyumbani kwako, sisi tungeanzaje?" Wakaendelea kupanda. Tuneya alikuwa kwenye mstari pamoja nao, na kiitikio chake siku hiyo kilikuwa cha chini kuliko siku zote.

Kisha Esha akaenda kwa Komora. Alijitanda vizuri, akapiga hodi, akakaribishwa, akaketi.

"Mkwe wangu," alisema, "nimekuja kwa heshima, ili usije ukasikia uwanjani jambo ambalo ningeweza kukwambia nyumbani. Mbuzi uliowatoa nitawaimba. Nguo za merikani, asali, mtumbwi, vyote nitaviimba, na nitakusifu mpaka wenye wivu waondoke. Shamba la kwenye kona sitaliimba."

Komora akauliza: "Nakupa wewe, na wewe unanirudishia?"

"Hunipi mimi. Unampa mwanangu kitu cha mtu mwingine."

"Desturi ya mto unaijua kuliko watu wote hapa. Umeiimba mwenyewe."

"Naijua. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi sikiliza, mkwe." Sauti yake haikupanda, lakini ilikauka. "Kundi haliwezi kunichagulia lipi liimbwe na lipi liachwe. Kama hamtaimba zawadi zangu zote, hamtaimba hata moja. Mto huu una waimbaji wengine, wako Garsen."

"Ni kweli, unao," alisema Esha. Akasimama, akaaga kama kawaida, akarudi kwake akitembea polepole. Alikuwa hana hofu ya Komora. Alichokiogopa kilikuwa nyumbani, kimekaa ndani kikisukwa nywele.

Mwanaarusi alikuwa amekwisha sikia. Habari za kijiji zina miguu mirefu. Alimpa mama yake mgongo, na yule jirani aliyekuwa akimsuka akapata ghafla shughuli ya kufanya nje.

"Wewe ni ngoi," alisema yule binti. "Umewaimbia mabinti wa watu wote wa Kolani. Mimi nitaimbiwa na watu wa Garsen wasionijua jina."

"Komora ndiye aliyetukataza."

"Umemlazimisha."

"Nimemwambia ukweli."

"Ungeweza kuniambia mimi kwanza." Akageuka. Nusu ya nywele zake ilikuwa imesukwa na nusu imesimama, na macho yake yalikuwa makavu. "Uledi na mimi tutakula nini, mama? Shamba la baba ni dogo, na Uledi ana ndugu wengi. Umenichagulia njaa bila kuniuliza."

Esha alichukua kitana, akaketi nyuma ya binti yake, akaendelea kumsuka pale jirani alipoachia. Mwanaarusi hakumkataza, lakini hakusema naye tena siku hiyo, wala siku zilizofuata ila kwa lililo la lazima.

Kundi la Garsen lilifika kwa mitumbwi, wamepandisha mto kwa pondo. Lilikuwa kundi lenye jina. Walikuwa wakialikwa kuimba mpaka Kipini. Ngoi wao alikuwa Dado, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, ambaye aliposhuka kutoka mtumbwini alitazama kijiji chote kwanza kabla ya kutia mguu nchi kavu. Alimkuta Esha amesimama pale bandarini na mtungi wa maji ya kunywa, kwa sababu waimbaji hupokewa na waimbaji, na hasira ya mkubwa wa kijiji haikuifuta adabu hiyo.

"Wewe ndiye Esha," alisema Dado.

"Ndiye mimi. Karibuni Kolani."

"Nimeambiwa unaumwa na koo."

"Koo langu ni zima."

Dado akanywa maji, akampa mwenzake mtungi. "Basi mbona nimeitwa mimi?"

"Wewe ni mgeni wa Mzee Komora. Si adabu nikwambie habari za mwenyeji wako kabla hujala chakula chake. Mwimbie mwanangu vizuri, nami nitakushukuru. Ukifika kwenye shamba, sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Utakachorudishiwa."

Dado alimtazama Esha kama mtu anavyotazama maji kabla ya kuvuka. Kisha akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, akawaongoza watu wake kupanda ukingo.

Harusi ilikuwa kubwa. Waorma walikuja kutoka malishoni na samli na vibuyu vya maziwa, wamevaa nguo zao nyeupe, wakakaa upande wao wa uwanja. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu. Mwalimu alifungisha ndoa asubuhi, mbele ya mashahidi, na hapo Mwanaarusi akawa mke wa Uledi kwa sheria ya Mungu. Bi harusi mwenyewe alikuwa ndani, katika nyumba ya matete iliyokuwa ukingoni mwa uwanja, amefunikwa, amezungukwa na mashangazi. Siku hiyo bi harusi haonekani, wala hasikiki. Hata akitaka maji huomba kwa mkono.

Esha aliketi mbele, mahali pa mama wa bi harusi, wanawake wa kundi lake wakiwa nyuma yake. Alikuwa ametulia kwa nje. Wanawake wake aliwajua. Lakini kuitikia si kazi ya kundi peke yake, ni kazi ya wote waliopo, na wengi pale walikuwa watu wa Komora: wengine jamaa zake, wengine wenye kumhitaji, wengine wenye kumwogopa tu. Hao hakuwa amewaambia kitu. Ngoi hawaombi watu waitikie, wala hawaombi wasiitikie.

Dado akasimama. Alikuwa na sauti nzuri kweli, ya juu, iliyonyooka, na Esha aliisikiliza kwa furaha ya fundi anayeona kazi ya fundi mwingine. Akawaimba wazee wa pande mbili. Akamwimba Uledi na kifua chake. Akawaimba mbuzi.

"Tumesikia," uwanja mzima ukaitikia, na sauti ya Tuneya ikawa chini ya sauti zote, ikizibeba.

Akaiimba merikani, akaiimba asali, akauimba mtumbwi aliouchonga Athman. Tumesikia, tumesikia, tumesikia. Komora alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, mikono juu ya fimbo, uso umekunjuka. Alikuwa amekwisha kuona kwamba jambo limepita.

Dado akaimba:

"Komora ameukata mto mkono, amempa mwanawe shamba la konani,
huku ziwa, huku mto, udongo mweusi haujalimwa,
ni la Uledi na mkewe, na la watakaowazaa."

Akanyamaza, apokee kiitikio.

Watu wake wa Garsen wakaitikia, kwa kuwa ndivyo walivyozoea. Sauti zao zilitoka, zikaona ziko peke yake, zikapungua, zikakatika. Wanawake wa Kolani walikuwa wametazama chini. Lakini si wao tu. Wavuvi walikuwa kimya. Waorma, ambao kila kiangazi humwomba Tuneya ruhusa ya kuwapitisha ng'ombe wao kando ya miembe ile wakanywe maji, walikuwa kimya, na mmoja wao alikuwa amejifunika nguo mdomoni. Na wazee waliokuwa wameketi na Komora, wale wale walioshindwa kusema barazani, sasa walikuwa wamepata njia ya kusema ambayo haikuhitaji mtu awe wa kwanza.

Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu, na mtu aliweza kusikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba.

Komora akamwambia Dado, "Rudia."

Dado alikunja kanga yake vizuri kiunoni. "Mzee, mimi huimba kinachoitikiwa," alisema kwa heshima. "Nimeimba, na umesikia. Nikirudia nitakuwa napiga kelele."

Uso wa Komora ukabadilika. Esha aliuona mkono wake ukikaza fimbo, akajua kwamba sasa jambo linaweza kuharibika kabisa. Mtu kama Komora akiaibishwa mbele ya watu wa mto mzima anaweza kusimama akaondoka, na akiondoka, ndugu zake wataondoka naye, na binti wa Esha atakuwa ameingia katika nyumba ambayo itamkumbusha siku hiyo mpaka azeeke. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Alifungua kinywa bila kujua atakachosema.

Sauti haikutoka kwake. Ilitoka ndani ya nyumba ya matete.

Mwanzoni watu hawakuelewa ni nani. Ilikuwa sauti ya kijana, haikuwa na nguvu nyingi, na matete yaliipunguza. Kisha mashangazi walisikika wakinong'ona kwa hofu, "Nyamaza, mwana, nyamaza," na watu wote wakajua. Bi harusi alikuwa anaimba.

"Baba mkwe, umenipa kwa mikono miwili,
nami nimepokea kwa mikono miwili.
Lakini jembe langu haliingii
palipo na jasho la marehemu.
Nyuma ya ziwa kuna msitu, hauna mwenyewe,
una miiba, una nyoka, una udongo chini yake.
Nipe msitu huo, baba mkwe,
uufyeke pamoja nami, nijue umenipenda."

Akanyamaza.

Tangu binti yake alipojua kusimama, Esha alikuwa akimpeleka kwenye mazoezi ya kundi, na hakuwahi kumsikia akiongoza hata ubeti mmoja. Siku zote alikuwa nyuma, miongoni mwa waitikiaji, akitazama pembeni.

Wa kwanza kuitikia hakuwa mwanamke. Alikuwa Uledi. Alisimama na nguo zake mpya za harusi, akatazama nyumba ya matete, akasema kwa sauti nzito isiyo na wimbo ndani yake: "Nimesikia."

Kisha sauti ya Tuneya ikaja, ya chini kabisa, polepole. "Tumesikia." Na uwanja ukaipokea, Kolani na Garsen na Waorma, ikatoka ikavuka mto.

Komora hakusimama. Alikaa na fimbo yake, akitazama mbele, na watu wakamsubiri. Hakuna aliyemharakisha. Esha aliona jinsi alivyokuwa akiligeuza jambo lile akilini, upande huu na upande ule: alikuwa amekataliwa zawadi, lakini pia alikuwa ameombwa zawadi, mbele ya watu, na mkwewe, kwa maneno mazuri. Anayeombwa ni mkubwa. Hatimaye akawageukia wazee.

"Msitu ule ni wa nani?"

"Ni wa kijiji," alijibu mmoja wao haraka sana.

"Basi kijiji kimewapa," alisema Komora. Akaongeza, baada ya kusafisha koo, "Na shamba la konani ni la Tuneya, kama lilivyokuwa. Tope ni nyongeza yake." Akasema hivyo kama mtu aliyekuwa amekusudia kusema hivyo tangu asubuhi, na hakuna aliyetabasamu, kwa kuwa watu wa Kolani walikuwa na adabu.

Dado akamwendea Esha akamshika mkono, akamwinua. "Hii ni ya kwako," alisema. "Mimi siijui mipaka ya msitu wenu."

Esha akaimba. Aliuimba msitu kutoka kwenye mkuyu uliopasuka mpaka kwenye kichuguu chekundu, kutoka ziwani mpaka njia ya ng'ombe, na aliiacha njia ya ng'ombe nje, akaitaja kwa jina ili Waorma wasikie kwamba imeachwa. Akamsifu Komora kama alivyoahidi, bila kuzidisha na bila kupunguza. Kisha ngoma zikaanza, na makundi mawili yakaimbiana mpaka sauti za Garsen na za Kolani zikakwaruza kwa pamoja, na Dado akasema kwamba sasa kweli koo linauma.

Aliingia kwa binti yake watu walipokwenda kula. Mwanaarusi alikuwa amefunuliwa uso, anakunywa uji, na mashangazi walikuwa wamemwacha, nusu kwa hasira na nusu kwa fahari.

"Nani alikufundisha ubeti ule?" aliuliza Esha.

"Hakuna. Niliutunga uliponisuka. Nilikuwa na muda, sikuwa nasema na wewe."

"Ulimwambia Uledi?"

"Sikumwambia mtu. Sikujua kama nitathubutu." Akaweka kibakuli chini. "Bado nimekukasirikia, mama. Ulikuwa na haki, lakini shamba lilikuwa zawadi yangu. Kulikataa ilikuwa kazi yangu, si yako."

Esha akaketi kando yake juu ya mkeka. "Kweli," alisema. "Siku nyingine nitaanzia kwako."

"Siku nyingine sitaolewa tena."

Wakatazamana, na wa kwanza kucheka alikuwa Mwanaarusi.

Watu wa Garsen hawakuondoka kama walivyopanga. Dado alisema hajapandisha mto mzima kwa pondo ili aimbe harusi moja na kurudi, na kwamba anataka kusikia jinsi Kolani wanavyoimba wakifyeka. Basi makundi yote mawili yakaingia msituni na mapanga na mashoka, Esha akiongoza upande mmoja na Dado upande mwingine, wakitupiana beti juu ya miiba. Komora alifika jua lilipokuwa limeanza kupanda, amejifunga nguo ya kazi. Watu wakamwonyesha mahali pazuri pa kukaa. Akasema ameombwa kufyeka, hakuombwa kukaa, akachukua panga. Hakuwa amelishika siku nyingi, na mikono yake ilitoka malengelenge kabla ya adhuhuri, lakini hakuliacha. Tuneya alikuwa hatua chache kutoka kwake, akikusanya matawi. Alipopitisha kibuyu cha maji, alimpa Komora kwanza kunywa, naye akapokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza msitu haukuwapa kitu kikubwa. Nguruwe waliingia, mizizi ilichipuka upya, na Uledi na mkewe walikula kwa Athman mara nyingi kuliko Uledi alivyopenda. Tuneya aliwapa mbegu za mpunga kutoka katika shamba lake, wala hakuhesabu vikapu. Mwaka wa pili mafuriko yalifika mpaka nyuma ya ziwa, yakaweka tope lake pale, na mpunga ukatoka mrefu kiasi kwamba Mwanaarusi, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alilazimika kuimba kwa nguvu ili wavunaji wa upande wa pili wajue yuko wapi.